Kichaka cha Mitambaazi

Bosibori, rafiki yangu anayeuza mboga katika soko la Macalder, ni Msabato asiyejua uongo, kwa hivyo sikumcheka aliponisimulia haya.

Mchana mmoja aliingia kichakani kukata mitambaazi, ile migumu kama kamba, ya kufungia fito za kibanda chake. Humo ndani mlikuwa na giza. Akasikia nyuma yake majani yakisuguana, kisha kitu kikivutwa na kukazwa. Alipogeuka, njia aliyopitia ilikuwa imezibwa kabisa.

"Motari! Nitoe huku!" alimwita jirani yake aliyemngoja nje.

Motari alikata kwa panga hadi mwanga ukaingia. Akasimama akishangaa.

"Dada, mbona umejifungia?"

Bosibori akatazama. Kila mtambaazi ulikuwa umefungwa fundo, na mafundo yote yalikuwa upande wa ndani, alikokuwa peke yake.