Moto Katika Jiko la Fermín

Jiko la kituo cha mafunzo lilikuwa limeungua hadi darini. Inspekta Ramona Insfrán aliinama, akanusa kipande cha pazia kilichosalia. Mafuta ya taa. Kufuli halikuvunjwa, aliyeingia jana yake, Jumapili, alikuwa na ufunguo.

Nje, mtaa ulikwisha kutoa hukumu. Kituo hicho cha mji wa Encarnación, Paraguay, kiliwafundisha watu wazima wenye hasira zisizozuilika kupika, kufua na kujitegemea. Usiku walirudi makwao. Mmoja wao, Fermín, aliaminiwa kufungua mlango kila asubuhi. Ndiye aliyewahi kuvunja dirisha kwa kichwa.

"Mtie ndani yule kichaa," Kamishna Villalba alifoka. "Wakubwa wanataka kituo kifungwe leo."

"Kwa ushahidi gani, afande?"

"Ana ufunguo!"

"Ufunguo hauwashi moto. Simkamati."

"Utafukuzwa kazi, Ramona."

"Nifukuzwe."

Akaenda nyumbani kwa Fermín. Mama yake, Nimia, alimkaribisha kwa tereré, chai baridi ya majani, leso ya kichwani ameivuta hadi karibu na macho. Fermín alizunguka chumbani akijipiga ngumi pajani.

"Sikuchoma!" alipiga kelele. "Lile jiko langu!"

"Nakusikia, kaka. Ufunguo wako hulala wapi?"

"Kwa mama! Jumamosi ananinyang'anya, Jumatatu ananirudishia. Ati nitaupoteza. Sijawahi kuupoteza!"

"Msamehe, binti yangu," Nimia aliingilia. "Mtoto huyu hajui asemalo."

"Mimi si mtoto!"

Ramona alimtazama mama yule kwa utulivu. "Mama, hebu ondoa leso."

"Nimeungua nikioka mikate ya chipa."

"Iondoe. Nitaipeleka maabara, waipime kama ina mafuta ya taa."

Nimia alifungua fundo. Leso ilipoanguka, nyusi hazikuwepo, na nywele za mbele zilikuwa zimejikunja kwa moto.

"Ulimwaga mafuta, ukawasha ukiwa umesimama karibu mno," Ramona alisema. "Kwa nini?"

Sauti ikamtoka Nimia kama inayoraruka.

"Alianza kujikaangia mayai. Akaniambia amepata chumba, anahama. Maisha yangu yote nimemvalisha viatu, nimempangusa damu, nimetukanwa sokoni kwa ajili yake. Akiondoka, mimi ni nani? Nilitaka wafunge kituo tu. Sikujua watamsingizia yeye."

"Ulijua asubuhi hii. Ukanyamaza."

Nimia akainamisha kichwa, akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Fermín aliacha kujipiga. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, kama walivyomfundisha kituoni.

"Nahama," alisema.

"Nani atakutazama, mwanangu?" mama alilia. "Utabaki na nani?"

"Nahama, mama." Alimfuta machozi kwa kiganja, kwa nguvu zilizozidi kidogo kiasi kilichohitajika. "Huko jela nitakuja kukuona. Nitakuja mwenyewe. Basi la kwenda huko nalijua."