Usiitike, Hanifa

Spika ilikataa kuwaka siku ya Jumanne, na Hanifa hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alikuwa ametoka kushona tangu asubuhi, mgongo unamuuma, na mama yake, Bi Mwanakhamisi, alikuwa bado hajageuzwa kitandani.

Ilikuwa moja ya zile spika ndogo za kuongeleshwa: unaiambia isome, nayo inasoma. Kaka yake Anwari ndiye aliyeileta kutoka Iringa, Bi Mwanakhamisi alipopigwa na kiharusi na ulimi ukafungwa. Kutwa ilimsomea Kurani hapo nyumbani, mtaa wa Ilomba, Hanifa akiwa kibandani na cherehani yake. Miezi saba mama hajatamka neno. Hanifa naye alikuwa na ombi moja tu kila akiswali: amsikie mama akimwita tena, hata mara moja, imtoshe.

Akampigia Anwari.

"Waya umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Soketi nyingine je?"

"Zote, Anwari. Mpaka ya jikoni."

"Haya, kibonyeze kile kitufe cha juu, usikiachie mpaka uhesabu ishirini."

Akabonyeza, akahesabu huku anapiga miayo. Wapi! Hata kijitaa chake hakikumeta.

"Basi imekufa hiyo. Ichomoe, nitaiona siku nikija."

Akaichomoa. Hapo ndipo aliposikia harufu ya marashi ya waridi, na nyumba ile hakuna aliyejipaka marashi tangu mama augue. Spika ilikuwa na joto mkononi, kama shavu la mtoto mwenye homa.

"Hanifa."

Sauti ya mama. Ileile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Sasa jamani, binti aliyelelewa na Bi Mwanakhamisi, mwanamke wa Pangani, haitwi na mkubwa akakaa kimya. Utotoni alifinywa sana kwa hilo. Tena furaha ilimpanda.

"Abee, mama!" akaitika, akakimbilia chumbani.

Mama alikuwa amelala vilevile, mdomo umefumba. Alikuwa ameikodolea macho ile spika mkononi mwa Hanifa, waya wake unaning'inia, na machozi yanamchuruzika mpaka sikioni.

Tangu hapo haikunyamaza. Ilimwita akiosha vyombo, ilimwita akiwa kwenye sijida, ikahama kutoka rafuni ikawa inaita ndani ya kabati, kisha chini ya kitanda cha mgonjwa, kila mara kwa sauti ya mama na kila mara kwa upole, na harufu ya waridi ikazidi mpaka chakula kikawa hakimezeki, na yeye, aliyekwisha kuchoka kabla hata mambo hayo hayajaanza, akawa anaitika bila kufikiri, abee, abee, na kila akiitika mama yake anatetemeka kitandani kana kwamba kamwagiwa maji ya baridi.

Alhamisi akamleta Mwalimu Othmani, mzee wa mtaa wa Soweto anayewasomea wagonjwa.

"Uliitika?" mwalimu akauliza kwa kunong'ona.

"Niliitika. Ni sauti ya mama, Mwalimu."

"Punguza sauti. Ndiyo maana wazee walikataza kumwitikia usiyemwona. Umemkaribisha mwenyewe, mwanangu."

Akafukiza ubani, akasoma mpaka koo likamkauka, akanyunyiza maji kila kona. Spika ikalia mlio mwembamba wa kuchoma meno, harufu ya waridi ikageuka ya nywele zilizoungua, kisha ikapotea kabisa. Mwalimu akaifunga kwenye kitambaa cheupe akaondoka nayo.

"Siku saba," akamwambia mlangoni. "Ukiitwa humu ndani, usiitike. Wala usiende kuchungulia, maana kwenda ni kuitika kwa miguu. Ikinyamaza, ndipo uende."

Siku tano zikapita kimya. Ya sita, Hanifa alikuwa uani anafua mashuka ya mama, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, aliposikia.

"Hanifa."

Akauma mdomo. Ikaita tena. Akafungulia bomba mpaka mwisho ili maji yaizime ile sauti, akaanza Ayatul Kursi akaikosea, akaanza upya, na sauti ikaendelea kumwita, sasa imechoka, sasa inasihi, inasema "mwanangu, njoo", na mwili wake wote ukawa unataka kuinuka, naye akajishikilia kwenye ukingo wa beseni, akilia kwa chuki dhidi ya kiumbe anayeweza kuigiza hata uchovu wa mama yake, mpaka ikafifia, ikanyamaza.

"Gwe Hanifa!" Jirani yake Tupokigwe alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa mbele. "Mbona huitiki? Mama yako anaongea! Nimemwona dirishani kwa macho yangu, mdomo unatembea, anakuita wewe, halafu kaanguka!"

Hanifa hakukumbuka kuvaa ndala.

Bi Mwanakhamisi alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na dirisha, mkono mmoja ukiwa umeng'ang'ania pazia. Pumzi zilikuwa zimebaki za kuhesabu. Hanifa akampakata.

"Abee, mama. Nipo. Abee!"

Mama akamtazama kwa muda mrefu, wala si kwa hasira.

"Nimekuita," akasema polepole, "mpaka nimechoka."

Hakusema tena. Kabla ya alasiri alikuwa ameshafariki.