Sukari ya Matanga

Kila Jumamosi asubuhi Joyline alimaliza kazi zake mapema. Alideki chumba chao kule Kangemi, akajaza mitungi miwili ya maji, kisha akamuaga Mama Mdogo Jacklyne na kushika njia ya kituo cha watoto. Mama mdogo huyo ndiye aliyeishi naye. Mamake Joyline, Peres, alikuwa yaya katika fleti moja ya Kileleshwa. Alilala huko huko kazini, na ruhusa ya kuja nyumbani aliipata Jumapili moja tu kila baada ya wiki mbili. Kutoka Kangemi hadi Kileleshwa si mbali hata kidogo, lakini Joyline aliona ni mbali kuliko huko walikotoka wageni wa kituoni.

Wageni hao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo. Shirika dogo lililoendesha kituo liliwapokea kwa wiki nane, wajitolee na wakati huo huo wajifunze kazi. Waliwasomea watoto vitabu, wakajifunza kula ugali kwa mkono, wakapiga picha na kuondoka. Watoto walikuwa wamezoea. Ukishamjua mmoja vizuri, wiki hiyo hiyo anaaga.

Kabla ya kuondoka, kila mgeni alitakiwa kuandika habari za mtoto mmoja, zikasomwe chuoni kwao. Mtoto aliyechaguliwa alikaa na mgeni wake kila alasiri, wawili peke yao, akisikilizwa. Na watoto si wajinga. Walishagundua kwamba anayechaguliwa ni yule mwenye habari za kutoa machozi. Mara iliyopita alichaguliwa Shiko, rafiki mkubwa wa Joyline, aliyefiwa na mamake miaka miwili iliyopita.

Safari hii alikuja Maren, kutoka Denmark. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, akikisema polepole kama mtu anayeruka mitaro. Siku ya kwanza alimsuka Joyline nywele, akazisuka vibaya zikafumuka kabla ya jioni. Joyline hakujali. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu mzima akishike kichwa chake bila haraka.

"Niambie jambo moja la kuhuzunisha katika maisha yako," Maren alimwambia Ijumaa moja baada ya shule, daftari mapajani.

Joyline angeweza kusema ukweli, kwamba kila asubuhi mamake anamchana nywele mtoto wa wenyewe, na za kwake zinangoja wiki mbili. Lakini aliona hiyo ni huzuni ndogo, haiwezi kuchaguliwa.

"Mama yangu alikufa," akasema. "Sweta yake ya kijani bado imetundikwa kwa msumari. Hakuna mtu huigusa."

Machozi yalimtoka, na machozi hayo yalikuwa ya kweli, hata kama maneno hayakuwa. Maren alimkumbatia. Kesho yake jina la Joyline liliandikwa ubaoni.

Sasa Maren alikuwa na bidii ya kujifunza desturi za watu. Alimwuliza mama aliyempa chumba kule Mountain View, mtu akifiwa hupelekewa nini. Akaambiwa: sukari, majani ya chai, na neno la pole. Jumapili, baada ya ibada, alinunua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani, akamwomba Shiko amwonyeshe kwa kina Joyline. Hakumweleza anaenda kufanya nini.

Ilikuwa Jumapili ya ruhusa ya Peres. Walimkuta mlangoni, ameinamia beseni, anafua sare ya shule.

"Karibuni, karibuni! Shiko, hujambo mwanangu? Huyu ndiye mwalimu wenu mpya?"

Maren aliishika mikono ile iliyojaa povu. "Poleni sana kwa msiba," alisema, maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima. "Joyline aliniambia kwamba mama yake alifariki. Wewe ni shangazi yake?"

Peres hakuelewa. Alimtazama Maren, akamtazama Joyline aliyesimama ndani ya mlango ameinamisha kichwa, kisha akaelewa.

"Mama Joyline ni mimi," akasema.

Uso wa Maren uliiva. "Lakini… ile sweta ya kijani? Ya kwenye msumari?"

Shiko aligeuka. "Joy, hiyo si ni sweta ya mum?" akauliza. "Ulimpea story ya mum wangu?"

Shiko aliweka pakiti ya majani juu ya kiti, akaenda zake. Hakukimbia wala hakutukana, na Joyline alitamani angalau angetukana. Maren naye aliomba radhi mara tatu, asijue anamwomba nani, akaiacha sukari hapo mlangoni na kuondoka bila kuketi.

Peres alisuuza sare, akaikamua, akaianika. Ndipo akaingia ndani.

"Ulinizika kwa nini?" akauliza.

"Wale wamefiwa na mama ndio wanasikizwa," Joyline alijibu akilia. "Wewe unakuja mara mbili kwa mwezi. Halafu unalala."

Ilikuwa kweli. Peres alifika nyumbani amechoka hoi, na Jumapili nyingi alizimaliza kitandani. Aliketi, akafunika uso kwa leso, akalia. Joyline hakuwahi kumwona mamake akilia, na aliogopa kuliko ambavyo angeogopa kiboko.

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nitakusamehe, si nilikuzaa? Lakini sukari hii imeletwa matanga, na hapa hakuna matanga. Isifunguliwe. Ina mwenyewe."

Akaiweka juu ya kabati, akarudi Kileleshwa. Sukari ya nyumbani ilikwisha Jumatano. Mama Mdogo Jacklyne alikunywa chai chungu huku akinung'unika, lakini ile ya juu ya kabati hakuigusa.

Jumamosi, Joyline alisimama mbele ya watoto wote kituoni.

"Mama yangu yuko hai," akasema. "Anaitwa Peres. Zile habari nilimpea Maren ni za Shiko. Nilimwibia."

Shiko alikuwa anatazama dirishani. Mwalimu Philister, msimamizi wa kituo, alifuta jina ubaoni.

"Joyline amekosea, na amesema mwenyewe," akawaambia. "Lakini nasi wakubwa tumekosea. Tumekuwa tukiwauliza vidonda vyenu kwanza, kana kwamba hamna kingine cha kusimulia. Kuanzia leo mgeni hataliuliza tena swali hilo hapa."

Maren alizichana kurasa zake. Kwa siku chache alizobakiwa nazo aliandika habari za kosa lake mwenyewe, kisha akarudi kwao. Joyline alimpungia mkono kutoka mbali. Hakuwa na uso wa kumsogelea.

Jumapili yake ya ruhusa iliyofuata, Peres alifika, akaishusha sukari. "Vaa viatu," akamwambia Joyline. "Twende kwa kina Shiko."

Babake Shiko, Macharia, fundi wa viatu sokoni, aliwakaribisha kwa mshangao. Ukutani, kweli, sweta ya kijani ilikuwa msumarini, kiwiko kimoja kimechakaa. Joyline aliitazama. Mtu aliivaa sweta hii. Akaishika sukari kwa mikono miwili, akamkabidhi Shiko.

"Pole kwa kufiwa na mum," akasema. "Na pole kwa kile nilikufanyia."

Shiko aliipokea. "Hukuwahi niambia pole," akasema. "Hata ile siku ya mazishi. Ulisimama tu."

"Sikujua kusema nini."

"Ungesema hiyo tu."

Peres aliwaketisha mbele yake. "Sikilizeni," akasema. "Huzuni ya mwenzako si sweta ya kuazima ukisikia baridi. Ukiona amefiwa, mpe pole, usimchukulie kilio chake. Na wewe, Joyline, huzuni yako hata kama ni ndogo, iseme ilivyo. Ungeniambia unataka nikae nawe, ningekusikia. Uongo ulinifanya nisikie habari zako kutoka kwa mgeni."

Macharia alibandika sufuria jikoni. Shiko alifungua ile sukari, akatia vijiko viwili katika kikombe cha Joyline, bila tabasamu. Wakanywa.

Siku hiyo Peres hakulala. Alimsuka Joyline pale pale sakafuni, mistari minane, hadi saa ya kurudi kazini ikakaribia. Alipomaliza, Shiko alisogea akakaa mbele yake bila kuitwa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, kwa sababu babake hakujua kusuka. Peres alichota mafuta, akampaka taratibu, mstari kwa mstari, kana kwamba nywele zipo.