Mapovu Yangu Peke Yangu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kisiwa tulipofunga boti kwenye boya la mwamba. Tulikuwa wawili tu, mimi na Wilmar, mdogo wake marehemu mume wangu. Kesho wageni tunaowaongoza kupiga mbizi wangekuja kutazama wale samaki wadogo wa rangi rangi wanaotoka matumbaweni wakati wa magharibi, wanapandana, wanarudi. Ilibidi leo tujue wanatokea wapi.

"Mita kumi na nane, dakika arobaini," Wilmar alisema huku akiandika kwenye kibao. "Mtungi wa hewa ukifika nusu, tunageuka. Shemeji, mbona unatetemeka? Umegombana na mwamba?"

"Andika, acha domo."

Miezi tisa sikuwa nimeshuka pale. Mume wangu Efren alibaki huko chini, hatukupata hata pezi lake la kuogelea. Niliwaambia watu wote kwamba mchanga ulitibuka, tukapotezana, sikumwona tena.

Wilmar akamwaga tembo la mnazi kidogo majini, sadaka kwa mizimu ya mwamba. "Hodi wenyewe. Tunapita tu."

Tukajirusha.

Samaki walikuwepo, wawili wawili, wakipanda kutoka kwenye matumbawe. Nilianza hata kutulia. Kisha nikasikia.

Ti-ti... ti.

Chuma juu ya mtungi. Mara mbili haraka, ya tatu ikichelewa. Kila mwongozaji ana namna yake ya kuita chini ya maji. Hiyo ilikuwa ya Efren.

Nikageuza tochi. Mchanga umetibuka, sioni kitu. Mtu akaja kutoka upande wa kina kirefu. Ni Wilmar, nikajiambia, nani mwingine? Akapitisha kiganja shingoni. Ishara ya kusema: sina hewa.

Safari hii sikusita. Nikampa kipumulio changu cha akiba. Akanishika mkanda wa kifuani, kama tunavyofundisha, tukaanza kupanda taratibu.

Mita tano tukasimama. Dakika tatu, mwili uzoee. Nikatazama geji yangu ya hewa. Mara ya mwisho ilisoma mia. Sasa arobaini... ishirini na tano... Mtu gani huyu anavuta hewa hivi?

Nikatazama mapovu.

Yalikuwa yangu. Yangu peke yangu.

Yeye alikuwa anavuta, hatoi.

Mkono kifuani ulikuwa wa baridi, unateleza kama sabuni iliyolowa. Uso wake sikuthubutu kuumulika. Nikainua macho juu. Ubavuni mwa boti, miguu miwili ilikuwa imening'inia majini. Pezi moja la njano, moja jeusi.

Ni Wilmar pekee anayevaa hivyo.

Mungu wangu! Nikaupiga ule mkono kwa tochi. Nikaupiga tena, mpaka ukaachia, nikapanda mbio.

Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya miezi tisa iliyopita. Efren alinionyesha kiganja shingoni, nami niliiona geji yangu inasoma hamsini. Niliogopa haitatutosha wote wawili. Nikaupiga mkono wake.

Wilmar alinivuta ndani ya boti huku akifoka. "Si ulinionyesha dole gumba nipande? Nageuka, hupo!"

"Sijakuonyesha kitu, Wilmar."

Wilmar akainamia vifaa vyangu. Alikuwa ameshika kipumulio changu cha akiba. Mpira wa mdomoni ulikuwa umeng'atwa hadi karibu kukatika, na ulinuka tembo. Alama za meno zilionekana wazi, na katikati, juu, palikuwa na nafasi.

Efren alikuwa na mwanya wa kupitisha kijiti cha kiberiti.

"Kasa huyo," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Kasa ameung'ata."

"Tangu lini kasa akawa na meno?"

Ti-ti... ti.

Chini ya boti. Chini kabisa ya miguu yetu.

Wilmar aliijua sauti ile tangu utotoni. Machozi yakamtoka. Akaanza kufunga mtungi mpya mgongoni.

"Usishuke! Wilmar, nakuomba, usishuke!"

"Anaita. Kaka yangu ananiita."

"Hakuiti wewe."

Mkono wake ukasimama kwenye mkanda. Akanigeukia.

"Shemeji," akanong'ona, "niambie ukweli wa siku ile. Ama nishuke nikamuulize mwenyewe."

Nikafungua mdomo.

Chini ya boti, milio ikakoma. Naye alitaka kusikia.