Nani Alileta Wadudu wa Nyanya?

Maneno yalianzia mferejini, watu wakichota maji. Ati wadudu wanaomaliza nyanya kwenye ploti waliletwa na Philister, ndani ya mbegu za mboga ya managu alizotoa kwao magharibi mwa Kenya.

Wanjira, mama yake Shiru, aliyasikia akaendelea kufua nguo zake. Lakini yalimganda. Akisonga ugali, anayawaza. Akiwa kanisani, anayawaza. Philister alikuwa jirani yake, mlango kwa mlango. Shiru alipougua, ni Philister aliyembeba mgongoni mpaka kliniki.

Nyuma ya nyumba zao hapo Riruta, kila mpangaji alilima kipande chake. Sasa majani ya nyanya yalikuwa na michoro myeupe, kana kwamba mtu amepitisha kidole kwenye unga. Nyanya zenyewe zilitobolewa na viwavi wadogo. Kibe, mwenye ploti na nyumba hizo, akatoa amri: Philister ang'oe managu na kurudisha kipande chake kufikia Jumamosi.

Philister hakugombana.

"Mama Shiru," alisema, "hao wadudu wangetoka kwetu, wangekuja na samaki. Kwetu hatutembelei mtu mikono mitupu."

Wanjira alicheka, lakini roho haikutulia. Ijumaa akamwita Kalekye, jirani wa geti la pili, anayefanya kazi kwenye maabara ya wadudu. Philister na wapangaji wengine wakasogea. Kibe naye akaja, na chupa mbili za dawa ya wadudu kutoka maduka ya River Road, mjini. Alitaka kuzichanganya.

Kalekye alipasua jani, akatazama.

"Huyu ni kiwavi wa nondo anayeitwa Tuta," alisema. "Alitoka Amerika Kusini. Amekuwa Kenya zaidi ya miaka kumi."

Akawaeleza kwamba kila kiumbe hurithi jeni kutoka kwa wazazi wake. Jeni ni kama maandishi ndani ya mwili. Ukiyasoma, unajua nani ni ndugu ya nani. Maabara yao ilikuwa imesoma jeni za Tuta wa Kangemi, wa Kirinyaga na wa magharibi. Walifanana kama watoto wa boma moja.

"Kwa hivyo usiseme hawa ni wa kwao na wale ni wa kwetu," alisema. "Ni ukoo mmoja, na sisi ndio tunaubeba huku na huku."

"Kwa mbegu?" Kibe akauliza.

"Hapana, mzee. Anataga mayai kwenye majani. Anasafiri ndani ya nyanya, na kwenye kreti za kuzibebea."

Masikio ya Wanjira yaliwaka moto. Yeye huuza nyanya soko la Kangemi. Kila wiki alileta kreti kuukuu za mbao azungushie miche yake, kuku wasiichakure. Nyanya zilizooza aliwamwagia kuku hao hao. Kalekye alibandua ubao mmoja wa kreti hizo. Kwenye ufa, Tuta wachanga walikuwa wamejifungia ndani ya vifuko vya nyuzi, wakingoja kugeuka nondo.

Kibe bado aliyakodolea macho managu. Wanjira angeweza kunyamaza.

"Mzee Kibe, kreti ni zangu," alisema. "Nimewaleta mimi."



"Basi wewe ndiye unahama," Philister akasema. "Lakini jiko uniachie."

Wote wakacheka, hata Kibe. Akamwachia Philister kipande chake na kuuliza habari ya dawa zake.

Kalekye alikataa zichanganywe. Mdudu akizoea dawa na kupona, alisema, watoto wake hurithi ugumu huo. Mwishowe dawa inakuwa maji tu.

Wakamwagia kreti maji ya moto. Wakachuma majani mabovu, wakafunika miche kwa neti, wakatundika mtego wa kunasa nondo. Msimu uliofuata, beseni la kwanza la nyanya safi Wanjira alilipeleka mlango wa Philister. Jioni hiyo walikula managu na nyanya, Shiru akaomba aongezwe.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Usilete nyumbani kreti ya sokoni kabla ya kuimwagia maji ya moto.

Usitupe nyanya zilizooza shambani. Zifungie kwenye ndoo yenye kifuniko, uiache juani.

Usichanganye dawa, wala usizidishe kipimo. Uliza afisa wa kilimo kwanza.

Usiache dawa mahali mtoto anafikia.

Na usibebe maneno ya mferejini kabla hujaangalia kwako.