Zamu ya Kumsimulia Binah

Kila alipotoka shule, Zenovia Capers alitua mkoba wake mlangoni, akachukua kipande cha mkate wa mahindi, kisha akaketi barazani karibu na bibi yake kumchambulia miyaa. Bibi Ernestine alikuwa msusi wa vikapu, kama mama yake alivyokuwa, na mama wa mama yake. Alikunja nyasi za pwani zenye harufu nzuri na kuzishona kwa miyaa, mzunguko juu ya mzunguko, na mikono ilipokuwa kazini mdomo nao haukupumzika. Hapo barazani ndipo Zenovia alipojifunza habari za ukoo wao. Aliyoipenda kuliko zote ni habari ya Binah.

Binah aliletwa South Carolina akiwa mtoto, ndani ya tumbo la meli ya watumwa. Alitoka katika nchi ya Afrika ambako watu walikuwa mabingwa wa mpunga, na ujuzi huohuo ndio uliowafanya wazungu wamnunue. Alilima mashamba ya mtoni, maji yakimfika magotini, nyoka wakipita miguuni, mnyapara akisimama nyuma yake na mjeledi. Alizaa mabinti wawili. Mdogo, Sukey, alinyakuliwa angali mtoto, akauzwa mbali kusikojulikana. Uhuru ulipokuja, Binah alikuwa amejaa mvi. Yeye na binti yake mkubwa wakapata ardhi kwenye kisiwa hiki cha pwani ambako ukoo wao unaishi hadi leo, wakajenga, wakapanda mpunga usio wa bwana yeyote. Lakini mpaka siku ya kufa kwake, alimuuliza kila mpita njia swali moja: "Hujamwona Sukey wangu?"

Kila Februari, kanisa lao lilikuwa na sherehe ya kuwakumbuka wazee waliokuwa watumwa. Mtoto mmoja wa ukoo alifunga kitambaa cheupe kichwani, akapepeta mchele kwa ungo huku akisimulia habari ya Binah mbele ya kisiwa kizima. Mwaka huo, Zenovia alijua zamu ni yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia, lakini nani mwingine? Hadithi aliijua yote, na kupepeta alijua.

Ila sasa nyumbani kulikuwa na Tressa.

Tressa alikuwa mtoto wa shangazi yake Lorraine, aliyehama kisiwa zamani. Mama yake alilazwa hospitalini huko Philadelphia, na baba yake, dereva wa malori, hakukaa nyumbani. Kwa hiyo Tressa aliletwa kisiwani baada ya Krismasi. Alipewa kitanda cha dirishani, ambacho kilikuwa cha Zenovia. Alipokataa supu ya bamia, Bibi hakumkaripia, alimkaangia kamba. Hata mbwa wao, aliyekuwa akimngoja Zenovia barabarani kila jioni, sasa alilala miguuni pa Tressa.

Zenovia aliyameza hayo yote. Kisha, jioni moja wakati wa kula, Bibi Ernestine aliweka kijiko chini.

"Mwaka huu," alisema, "Binah atasimuliwa na Tressa."

Zenovia alirudisha kwenye sahani tonge la wali mwekundu wa nyanya.

"Mimi?" Tressa aliuliza, macho yamemtoka. "Lakini Bibi, sijui kitu. Hata kuongea kama watu wa huku siwezi."

"Utajifunza. Zenovia atakufundisha. Sivyo, mama?"

"Ndiyo, Bibi," Zenovia alijibu, akiitazama sahani yake.

Kesho yake, habari ilikuwa imefika shuleni kabla yake. Rudell, mvulana asiyejua kufunga mdomo, alimpokea getini.

"Pole sana, Malkia! Nasikia kiti kimepata mwenyewe kutoka mjini."

"Niache, Rudell."

"Nitakuacha vipi wakati nacheka? Miaka yote hiyo unapeta mchele, halafu anakuja mtu asiyejua tofauti ya ungo na sinia!"

Wenzake wakacheka. Zenovia alipita kichwa juu kama hakusikia, lakini moyoni alikuwa amewaka moto. Siku nzima hakuandika kitu cha maana. Kila alipofumba macho alimwona Tressa na kile kitambaa cheupe, na watu wakimpigia makofi.

Jioni walikwenda nyuma ya kanisa kufanya mazoezi. Tressa alishika ungo kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa mtu. Alipourusha, nusu ya mchele ilimwagika majanini.

"Samahani," alisema, akiinama kuokota. "Nionyeshe tena, dada. Unaanza na kiganja au na kifundo cha mkono?"

Lile neno "dada" ndilo lililomchoma Zenovia zaidi. Alitaka amchukie, na mtu anayekuita dada ni vigumu kumchukia. Kwa hiyo akasema haraka, kabla moyo wake haujalegea.

"Unajua kwa nini Bibi amekuchagua?"

"Hapana."

"Anakuhurumia. Kwa sababu mama yako anaumwa. Hakuna kingine."

Tressa aliacha kuokota.

"Na watu wanaongea," Zenovia aliendelea. "Wanasema mama yako alikimbia kisiwa, akatuona sisi washamba, halafu leo mtoto wake ndiye anasimama kuwa Binah. Watakucheka kanisani. Mimi nakwambia tu ili usishangae. Binah si wako."

Hakuna mtu aliyesema hivyo. Zenovia alikuwa akiyatunga maneno yale palepale, na alishangaa jinsi yalivyomjia kwa urahisi.

Tressa hakulia. Alimwaga mchele uliobaki kwenye mfuko, akaufunga fundo, akarudi nyumbani peke yake. Usiku huo alimwambia Bibi kwamba koo linamuuma na hawezi kusimulia. Bibi alimtazama kwa muda mrefu, akamtazama na Zenovia pia, kisha akasema, "Basi, Zenovia, itabidi ushike wewe."

Alikuwa amekipata alichokitaka. Siku chache zile Zenovia alitembea kwa madaha, akamjibu Rudell kwa kicheko, akajaribu kitambaa mbele ya kioo. Lakini alipokuwa peke yake, ile furaha haikuwa na ladha. Tressa hakumsemesha tena zaidi ya "ndiyo" na "hapana".

Asubuhi ya sherehe, Zenovia aliingia chumbani kuchukua viatu akamkuta Tressa anakunja nguo zake na kuzipanga ndani ya sanduku.

"Unakwenda wapi?"

"Nimempigia baba. Anapita kunichukua jioni. Nitakaa kwa jirani yetu mpaka mama atoke hospitali." Alifunga zipu. "Ni kweli ulivyosema. Huku si kwetu."

Zenovia alisimama na kiatu kimoja mkononi. Alijua yule jirani ni nani, maana Tressa alikuwa amemhadithia: mama mzee mkali, asiyemruhusu hata kuwasha taa sebuleni. Mtoto yule alikuwa amechagua kwenda huko kuliko kubaki naye chumba kimoja.

Alikwenda jikoni. Bibi Ernestine alikuwa anapiga pasi kile kitambaa cheupe.

"Bibi, Tressa haumwi koo."

"Najua," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Nimekuwa nikingoja mtu aniambie anaumwa nini."

Zenovia alimwambia yote, maneno yakimtoka kwa vipande, machozi yakimwagikia kwenye kola. Bibi aliweka pasi kando.

"Ulimwambia Binah si wake?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kaa." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ilitisha kuliko kelele. "Nisikilize. Sikumchagua kwa huruma. Nimemchagua kwa sababu wewe Binah unaye tayari, amekujaa mwili mzima. Yule mtoto amelelewa mbali, hajui ametoka kwa nani. Nilitaka siku moja asimame mbele ya watu wake wamwone, naye awaone. Na nilikuamini wewe umfundishe. Unafikiri hiyo ilikuwa kazi ndogo?"

Zenovia alijifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Usinililie mimi. Mwenye haki ya kuombwa radhi yuko chumbani."

Tressa alimsikiliza akiwa ameketi juu ya sanduku. Zenovia hakujitetea. Alisema hakuna mtu kisiwani aliyemteta mama yake, kwamba maneno yote yalikuwa yake, na kwamba aliyasema kwa sababu alimwonea wivu mpaka akashindwa kulala.

"Wivu wa nini?" Tressa alifoka. "Mama yangu yuko hospitali! Wewe una Bibi, una nyumba, kila mtu anakujua jina. Unanionea wivu wa nini mimi?"

Zenovia hakuwahi kulifikiria hilo.

"Sitaki kukusamehe leo," Tressa alisema hatimaye.

"Sawa. Usinisamehe, lakini Binah msimulie wewe. Ni wako. Nitakaa mbele kabisa. Ukisahau neno, nitazame mimi."

Tressa alinyanyuka kwenye sanduku, akaenda jikoni kuchukua kitambaa cheupe.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kandokando ya kuta. Tressa alipita mbele na ungo. Aliongea kwa lafudhi yake ya mjini, na alipopepeta, mchele kiasi ulianguka sakafuni. Rudell alianza kucheka, lakini mama yake alimfinya sikio. Tressa alipofika pale Sukey anaponyang'anywa, alisahau maneno. Kila mtu aliona kwamba anamfikiria mama yake. Alimtazama Zenovia.

"Uhuru ulipokuja," Zenovia alimnong'oneza.

"Uhuru ulipokuja," Tressa alisema, "Binah alikuwa na mvi, lakini alisimama barabarani. Na alimuuliza kila aliyepita, 'Hujamwona Sukey wangu?'"

Wazee waliitikia kwa sauti iliyotikisa madirisha: "Bado, mama! Endelea kumwita!" Mwanamke mmoja mzee akanyanyuka, akamkumbatia Tressa na ungo wake, akilia, na wengine wakafuata. "Mtoto wa Lorraine huyu! Tazameni, mtoto wa Lorraine amerudi nyumbani!"

Wakati wa chakula, baba yake Tressa alifika. Alizungumza na binti yake pembeni, kisha akaja kwa Bibi Ernestine akitabasamu, akasema amepoteza petroli bure, mtoto amekataa kuondoka.

Zenovia alikuwa anapanga sahani. Alipowaona watu wangali wamemzunguka Tressa, kile kitu kilimchoma tena kifuani. Aliona aibu, akamwambia bibi yake.

"Bibi, bado naona wivu. Kidogo."

Bibi Ernestine hakukasirika. Alimshika bega.

"Wivu utakuja tena, mjukuu wangu, hata ukiwa mzee kama mimi. Ukija, usiupe kazi ya kufanya. Watu wale waliotununua walitugawanya kwa minyororo. Walimchukua huyu, wakamwacha yule, wakasema huyu si wenu tena. Binah alitumia maisha yake yote kuwaita watu wake warudi. Ukitaka kumheshimu, usimsimulie tu. Fanya alivyofanya. Anapokuja mtu wa kwetu, msogezee kiti."

Zenovia alijaza sahani wali mwekundu na kamba, akapenya katikati ya watu mpaka alipomfikia Tressa.

"Kula kwanza, kitapoa," alisema.

Tressa aliipokea sahani. Hakutabasamu, lakini alisogea kidogo kwenye benchi, na Zenovia akaketi.