Kibuyu cha Pumzi

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine pale Liuli. Usipa, dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye vichanja, watoto wanafukuza kunguru, na upepo wa mwera unavuma kama unavyovuma kila Juni, unalitia ziwa meno madogo meupe. Augustino aliteremka kwenye bodaboda, akatazama vichanja, akatazama watu, akaziba pua.

"Na harufu hii mnalala nayo?" aliuliza.

Augustino ni mtu wa Maguu, kule milimani, mtoto wa kahawa na mahindi, lakini alikaa Mafia miaka mingi akizamia majongoo bahari. Huko alipumua kwa mpira mrefu uliotoka kwenye kompresa juu ya boti. Hewa ilimfuata kama mbwa anavyomfuata bwana wake, naye hakuwahi kuiwazia. Tangu arudi nyumbani hakuna aliyemweleza jambo akalikubali. Padri hajui, mwalimu hajui, na watu wa ziwani, kwake yeye, ndio hawajui kabisa.

Aliyemwita ni Hyasinti, mvuvi, ambaye mdogo wake Dunstan alizama na mtumbwi wake mbele ya miamba. Wavu ulimnasa chini, hakuelea. Mjane wake, Vitalia, alikuwa bado hajalia. Kwao hawalilii maji, hulilia maiti. Pasipo maiti hakuna matanga wala kaburi, na mjane hubaki ameketi mlangoni kama mtu anayemngoja mumewe kutoka sokoni.

"Nirudishie tu, kaka," Vitalia alimwambia. "Nimlaze pakavu."

Vifaa vilikuwa vya mgeni mmoja aliyeviacha kwenye nyumba ya kulala wageni. Palikuwa na mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, mkanda wa vipande vizito vya risasi wa kuzamia, vazi la mpira lililombana kwapa, na geji yenye sindano ya kuonyesha hewa iliyobaki. Halafu palikuwa na mipira miwili ya kupumulia, wakati Augustino alizoea mmoja. Aliigeuzageuza. Hakumuuliza mtu, maana kuuliza aliona ni kazi ya wajinga.

"Huu wa pili wa nini, ndugu yangu?" Hyasinti alisema.

"Wa akiba. Mmoja ukichoka."

"Mpira unachoka?" Hyasinti alitikisa kichwa. "Ama kweli. Kwenu Maguu maji ni yale yanayotuama kwenye mashimo ya ngolo, shambani. Mmatengo na ziwa, wapi na wapi?"

"Cheka. Mimi nimezamia baharini. Hili lenu ni bwawa."

Ndipo wakaleta kibuyu. Kilikuwa kitupu. Ndugu wa Dunstan walipokezana, kila mmoja akapuliza ndani pumzi moja, taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto. Vitalia alipuliza wa mwisho, akaziba mdomo wa kibuyu kwa jani.

"Ukimfikia, kifungue puani pake," alisema kwa sauti ndogo. "Aliyekufa maji anatafuta pumzi. Asipoikuta yake, atashika yako."

Augustino alicheka hadi akakohoa. "Nimebeba mtungi mzima mgongoni, nanyi mnanipa kibuyu kinachonuka usipa!"

Akakirusha kwenye mawe. Kikapasuka. Vitalia aliinama, akaokota kipande kimoja, akakitazama ndani kama aliyetegemea kuona kitu.

Hyasinti alimpeleka kwa mtumbwi hadi mbele ya miamba, akashika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mzamiaji. Augustino akajitupa.

Bahari ya Mafia humkumbatia mtu. Ziwa hili lilimkaba shingo. Baridi iliingia kwenye vazi, ikapita kwapani, ikatulia kifuani. Akashuka. Kijani kikawa buluu, buluu ikawa kijivu. Chini akauona mtumbwi umelala ubavu, na wavu, na ndani ya wavu, Dunstan.

Hakuwa amevimba. Baridi ilimtunza. Macho yalikuwa yamefumbwa kama ya mtu aliyelala mchana.

"Umelala kama mlevi," Augustino aliwaza. Akakata wavu. Akampakata kwa mkono wa kushoto, akaanza kupanda.

Pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi kwenye mpira. Ikiingia, mluzi. Ikitoka, mapovu. Mluzi. Mapovu.

Kisha akasikia mluzi mwingine, katikati ya miluzi yake.

Akazuia pumzi asikilize.

Mluzi ukaendelea.

Mapovu yakapanda karibu na sikio lake. Si yake. Sindano ya geji ilikuwa inashuka upesi, upesi mno. "Mpira mbovu, unavuja," aliwaza. "Mgeni na takataka zake." Akaupapasa ule wa pili ubavuni, ulikokuwa unaning'inia. Haukuwepo. Ulikuwa umevutika kupita bega lake, kuelekea kwenye kile alichokipakata.

Hakugeuka.

Akauvuta. Nao ukavutwa. Taratibu, kama mtoto asiyetaka kuachishwa titi.

Sindano ikalala. Pumzi ikakatika. Akapiga maji kwa miguu kama punda aliyefungwa, huku kamba ikimvuta, na kichwa kikatoka juani.

"Mbona mapema hivi?" Hyasinti aliuliza.

Augustino aliupapasa ubavu wake. Mpira wa pili ulikuwa ubavuni pake, unadondosha maji, kama vile haujaguswa.

Ufukweni Vitalia alilia hatimaye. Wanaume wakamwingiza Dunstan kwenye ua wa nyasi kumwosha. Augustino alikaa nje juu ya jiwe, maji yakimchuruzika, lakini dharau ilikuwa imeshaanza kumrudia.

Ndani ya ua mikono ya waoshaji ikasimama.

"Anapumua," mtu alinong'ona.

"Si amekufa?" Hyasinti aliuliza.

"Amekufa. Amekakamaa. Lakini sikiliza."

Ilisikika hadi nje. Pumzi inatoka, ndefu, haikatiki. Augustino alitaka kuwaambia wapumbavu wale kwamba maiti hutoa hewa, jambo la kawaida, baharini ameliona. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hakikuingia kitu. Kifua kilikuwa kimesimama, naye ameduwaa na mdomo wazi, mpaka ile pumzi ya ndani ya ua ilipokwisha.

Walimvika Dunstan sanda. Juu ya mdomo pakaota duara la unyevu. Wakaibadilisha. Pakalowa tena, na kila palipolowa, kifua cha Augustino kule nje kilisimama. Kabla ya kufunga jeneza, Vitalia aliweka kiganja pale.

Palikuwa pa moto.